Kabla hujanitumia slaidi: jinsi ya kujua kama soko limeikubali startapu yako

Kwenye slaidi ambazo startapu, yaani kampuni changa, zinatumia kuombea hela kwa wawekezaji huwa kuna ule ukurasa wa "tumedaunilodiwa mara elfu ishirini", mimi huo naupita tu. Kudaunilodi hakugharimu kitu, mtu akiwa na bando la usiku anadaunilodi chochote, wiki ijayo simu ikijaa anafuta. Nilikaa upande wa kujenga prodakti miaka kibao kabla sijaanza kuweka vihela vyangu kwenye startapu za wengine, na siku hizi swali langu la kwanza kwa faunda, yaani mwanzilishi, ni moja: ukiizima hiyo huduma yako leo usiku bila kumwambia mtu, kesho asubuhi nani atakupigia simu kwa hasira? Nitajie majina. Akinitajia kumi tunaendelea kuongea hata kama hana slaidi. Akianza na "tunatarajia kwamba", basi huu mwongozo ni wake, na asikimbilie kutafuta hela kwanza manake hela ikiingia mapema hivyo inaishia kwenye matangazo na fulana.

Hiyo hali ya bidhaa na soko kuivana ndo wanaita PMF (product-market fit). Anayetajwa kuianzisha ni Andy Rachleff, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Benchmark, alafu mwekezaji mwenzie Marc Andreessen akaisambaza mwaka 2007, na hoja yao kubwa ni kwamba timu kali ikikutana na soko bovu, soko ndo linashinda. Sawa kabisa. Shida ni kwamba watu wakisikia hivyo wanadhani ni bahati, unatoa apu unakaa unasubiri. Hapana, inatafutwa, tena kwa utaratibu.

Kati ya watu waliotoka kwenye prodakti wakahamia kwenye uwekezaji, ninayemfuatilia sana ni Todd Jackson. Huyu alisimamia Gmail pale Google, akaenda Facebook, baadae akawa mkuu wa prodakti Dropbox, sasa hivi yuko kampuni ya uwekezaji ya First Round Capital kule Marekani na sehemu kubwa ya kazi yake ni hiihii ya kukaa na mafaunda watafute PMF. Yeye anagawa vitu vinne: mtu, shida, ahadi (yaani unachomwahidi huyo mtu), prodakti. Angalia mpangilio wake, prodakti iko mwisho. Mafaunda wengi wa kwetu wanaanza na hiyo ya mwisho, wanaajiri devela wa kutengeneza apu, miezi sita inapita, ndo wanaanza kuuliza nani anaitaka.

Mtu

"Wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki" sio mtu. Muuza mitumba wa Karume na mwenye duka la dawa Mwanza wote ni wafanyabiashara wadogo na hawana shida hata moja inayofanana. Mtu ni hivi: mama mwenye duka la rejareja Manzese, anakopesha majirani, mara mbili kwa wiki anafuata mzigo Kariakoo, mzigo mwingine anachukua mali kauli, ana simu ya tachi moja ambayo jioni inakuwa ya watoto. Huyo unaweza kumfuata kesho, na ukishampata mmoja atakuelekeza kwa mwenzie wa mtaa wa pili. Kipimo changu cha hapa ni chepesi, niambie saa nne asubuhi huyu mtu yuko wapi na anafanya nini. Ukishindwa bado hujamchagua.

Najua utasema mwekezaji anataka soko kubwa na wewe unaniambia maduka ya Manzese. Facebook ilianza 2004 na wanafunzi wa chuo kimoja tu, Harvard. Hakuna mwekezaji mwenye akili atakunyima hela kwa sababu umeanza padogo, anakunyima kwa sababu hata hapo padogo hawakutaki.

Shida, na namna ya kuichimba

Hapa ndo nitakaa sana kwa sababu hapa ndo watu wanadanganywa, tena wanadanganywa kwa upendo. Ukimfuata yule mama ukamwambia "mama, tukikutengenezea apu ya kuandika madeni utaitumia?" jibu unalijua, "eeh mwanangu, nzuri sana, Mungu awabariki". Hajakudanganya kwa ubaya, kwetu mtoto wa watu akija na wazo lake na tabasamu humkatishi tamaa mlangoni. Kwahiyo usimuulize kuhusu apu kabisa. Muulize kuhusu maisha yake ya wiki iliyopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu."

"Mama samahani, naomba unionyeshe mtu wa mwisho uliyemkopesha."

Atakutolea kauntabuku. Iko chini ya kaunta, kava limeshatoka, kalamu imefungwa na uzi ili wateja wasiondoke nayo. Ndani kuna Baba Rehema sukari nusu, Fundi sigara mbili, Mama Asha unga na mafuta, waliolipa wamekatwa mstari. Sasa hapo kaa kimya uangalie. Utagundua daftari lake halina shida yoyote, anajua kila jina liko ukurasa gani kuliko apu yako itakavyojua. Ukimuuliza "mama, hela yako ilishawahi kupotea kwa sababu daftari limekosewa?" atacheka. Hela inapotea kwa sababu Baba Rehema anajua anadaiwa, anapita njia ya nyuma, na mama anaona haya kumdai jirani ambaye jana tu walikaa pamoja msibani.

Umeona kilichotokea? Ulikuja na apu ya kuandika madeni. Shida yake ni kudai bila kuharibu ujirani. Anaweza akalipia meseji inayotoka kwa "mfumo" sio kwake yeye, ili akikutana na Baba Rehema aweze kusema ni ile mashine tu. Ni biashara nyingine kabisa, na haihitaji hata apu, meseji ya kawaida inafika mpaka kwenye kiswaswadu.

Maswali ninayowapa mafaunda waende nayo ni haya, na wala sio lazima yote:

- Mara ya mwisho hili lilikutokea lini? Nielezee ilivyokuwa.
- Ulifanyaje? Ulimwomba nani msaada?
- Ilikugharimu shilingi ngapi, au muda gani?
- Ulishawahi kulipia kitu chochote kupunguza hili tatizo?

Hilo la mwisho ndo zito. Mtu ambaye hajawahi kutoa hata mia kulitatua, hajajaribu hata njia ya kienyeji, shida anayo lakini haimuumi. Mpishe.

Kitu kimoja cha huku kwetu ambacho wanaoandika kutoka California hawawezi kukutahadharisha: usitoe posho. Ukiita watu ukumbini ukawapa nauli na soda watakuambia chochote unachotaka kusikia, na wakijaza dodoso utapata asilimia nzuri sana za kuweka kwenye ripoti ya mfadhili. Wafuate kwao, wakiwa kazini, ukiwa unawasumbua kidogo. Mtu anayeacha kumhudumia mteja ili akueleze shida yake hahitaji nauli.

Na usikilize macho kuliko masikio. Walioanzisha Segment, kampuni ya data ya kule Marekani, walianza mwaka 2011 na kitu cha darasani, mwanafunzi akichanganyikiwa anabonyeza, mwalimu anaona. Maprofesa waliisifia. Siku ya kuijaribu wakasimama nyuma ya darasa, wakaona wanafunzi wamefungua laptopu na wengi wako Facebook, na kadri somo linavyoendelea ndivyo wanavyoongezeka. Kilichokuja kuwafanikisha ni kipande kidogo cha programu walichokuwa wamejitengenezea wenyewe cha kupeleka data sehemu tofauti, wakakiweka mtandaoni Desemba 2012 watu wakakivamia, na mwaka 2020 kampuni ya Twilio ikainunua Segment kwa dola bilioni 3.2. Ila kilichowaondoa kwenye wazo la kwanza sio dodoso, ni kusimama nyuma ya darasa.

Uza kwa mkono kwanza

Ukishajua shida, usijenge. Fanya hiyo kazi kwa mkono wako kwa wateja wachache ulipwe. Christina Cacioppo alipokuwa anaianza kampuni yake ya Vanta wazo lilikuwa kusaidia kampuni za software zipate SOC 2, ile ripoti ya usalama ambayo wateja wakubwa wanaidai kabla ya kusaini mkataba. Hakuandika programu. Alienda haohao Segment, akahoji watu wao, akawatengenezea spredshiti inayoonyesha wamekamilisha nini na wanakosa nini, akawapa aone kama inawasaidia. Ikasaidia. Alafu akaenda kwa kampuni nyingine, Front, na spredshiti karibu ileile ili aone kama kazi ya mteja wa kwanza inamfaa na wa pili bila kuanza upya. Ona ujanja wake, jaribio la kwanza linauliza inafaa?, la pili linauliza inajirudia? Ukijibu la kwanza tu unakuwa mshauri, sio startapu, na ushauri ni kazi nzuri tu lakini usiniombee hela.

Kwa mama wa Manzese maana yake ni hii: chukua maduka kumi, kila Ijumaa pitia piga picha kauntabuku zao, kaa nyumbani tuma meseji za kudai wewe mwenyewe kwa laini yako, Jumatatu rudi uulize nani amelipa. Na uwatoze. Elfu mbili kwa wiki, wakutumie kwa simu. Wiki ya tatu ndo utajua mengi, manake wiki ya kwanza wanalipa kwa kukuonea huruma, kufikia ya tatu huruma imeisha.

Kuhusu bei, watu wetu ni waoga kupita kiasi. Segment walikuwa wanatoza dola 10 kwa mwezi, mshauri wao wa mauzo akamlazimisha Peter Reinhardt, mmoja wa waanzilishi, kwenye mkutano na mteja ataje dola 120,000 kwa mwaka. Aliitaja uso umemwiva. Mteja akapunguza mpaka 12,000, wakakubaliana 18,000. Kutoka 120 kwa mwaka kwenda 18,000, kwa kutaja tu. Sisemi umtajie mama wa duka milioni, nasema bei ni swali kama maswali mengine na usipoliuliza huwezi kujua shida ina uzito gani. Mteja akikubali bei yako palepale bila hata kuguna, ujue ulikuwa chini.

Na hela za mashindano ya startapu na za wafadhili, chukua kama unazihitaji kula, lakini usizihesabu kama mauzo. Mfadhili akilipia huduma ili wakulima waipate bure, mteja wako ni mfadhili. Hakuna ubaya, ila sasa PMF yako ni kati yako na mtu wa ofisini aliyeandika mradi, na mradi ukiisha na soko limeisha.

Kupima

Kuna swali la Sean Ellis, mtaalamu wa kukuza startapu, ambalo alilipata kwa kulinganisha startapu nyingi: "Ungejisikiaje kama usingeweza tena kuitumia hii?" Majibu matatu, ningeumia sana, ningeumia kidogo, ningeona kawaida tu. Waliosema ningeumia sana wakifika 40% kwenda juu, startapu nyingi zinakua. Chini ya hapo zinahangaika.

Aliyelitumia vizuri kuliko wote ni Rahul Vohra wa Superhuman, apu ya imeili. Mwaka 2017 alipouliza alipata 22%. Wengi wangeanza kuongeza vipengele kwa fujo. Yeye kwanza aliangalia wale walioumia ni watu wa aina gani, akabaki na hao tu kwenye hesabu, asilimia ikapanda bila kubadilisha chochote. Alafu akawauliza wanapenda nini, jibu likawa spidi. Akawaendea wale wa kuumia kidogo, akachagua wale tu ambao nao wanasifia spidi, akauliza nini kinawazuia, kubwa likawa hakuna apu ya simu. Wale wa kawaida tu aliachana nao kabisa, na wale wa kuumia kidogo wasiojali spidi nao pia. Baada ya hapo kazi ya timu aliigawa nusu kwa nusu, nusu kuzidisha kile kinachopendwa, nusu kuondoa kinachozuia. Ndani ya mwaka hivi akafika 58%.

Somo lake kwangu kubwa liko kwenye watu aliowapuuza. Faunda wa kwetu akipata maoni mia anataka kuyafanyia kazi yote mia, apu inakuwa na mkopo, bima, hali ya hewa na mahubiri ya asubuhi.

Sasa tahadhari. Kwetu hata hilo swali la Ellis mtu anaweza akakujibu kwa adabu, "ningeumia sana mwanangu". Kwahiyo mimi naamini zaidi kuizima kweli. Chagua siku ya kawaida, simamisha huduma kwa baadhi ya wateja, hesabu waliopiga simu. Usifanye hivyo kama kuna hela za watu ndani au dawa au kitu cha usalama, hapo utaumiza watu. Lakini kwa meseji za madeni, Ijumaa moja usipite dukani. Kama hakuna aliyekutafuta mpaka Jumatano, umepata jibu lako bila kulipia dodoso.

Cha pili ni wanaorudi. Fungua Excel, kila mstari uwe ni kundi la walioanza wiki moja, kila safu wiki zinazofuata, jaza wangapi wametumia wiki hiyo. Namba zitashuka, za kila mtu zinashuka, wewe angalia kama kuna mahali zinatulia. Wameanza 30, wamebaki 18, kisha 13, 12, 12, 12, hapo una kitu, hao 12 ndo ukakae nao chini. 30, 14, 6, 2, hiyo hapana, na kuwaongezea 300 wapya kwa matangazo kutakuficha tu mwezi mmoja. Tumia mwendo wa kazi yenyewe lakini, kitu cha msimu wa kupanda huwezi kukipima kwa siku.

Slack, ile apu ya meseji za kazini, walienda mbali kidogo, wakatafuta ni wapi hasa mteja anashika. Stewart Butterfield, mmoja wa waanzilishi wake, alisema timu ikishatumiana meseji 2,000 imeijaribu kweli, na kati ya timu zilizofika hapo 93% walikuwa bado wanaitumia. Wewe ya kwako itakuwa ndogo sana, labda duka likishapata madeni matatu yaliyolipwa baada ya meseji. Itafute hiyo namba, alafu kazi yako yote ya wiki za mwanzo ni kumfikisha mteja hapo haraka, hata kwa kumshika mkono.

Wakiitumia vibaya, shukuru

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na hayakuwa ya kutuma hela kwa ndugu. Vodafone na Safaricom walishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ili wakopaji wa vikundi warudishe marejesho kwa simu. Kwa Faulu wenyewe ilikuwa shughuli, mahesabu ya simu na vitabu vyao havikuoana vizuri, na mkopaji akishalipa kwa simu haoni sababu ya kwenda kikaoni. Ila watu wakaanza mambo yao, anamlipa mwenzie, anamnunulia mtu wa mbali muda wa maongezi alafu anarudishiwa, anaweka hela kabla ya safari anatoa akifika ili asiibiwe njiani. Waliokuwa wanaendesha yale majaribio wangeweza kuwafungia, kwamba hii sio kazi yake. Walipozindua Machi 2007 walikuja na ujumbe mmoja, tuma pesa nyumbani, yale marejesho ya mikopo hayapo kwenye tangazo.

Kwahiyo kila wiki tafuta mteja anayetumia kitu chako kinyume na ulivyopanga, na kabla hujamfundisha njia sahihi mpigie umuulize kwanini. Kama ni mmoja, ni mambo yake. Wakiwa sita wasiojuana, soko linaongea.

Ukikwama

Wengi wakikwama wanabadilisha rangi za apu au wanatupa kila kitu wanahamia AI. Rudi kwenye vile vinne, badilisha kimoja, vingine vishikilie. Kampuni ya Lattice walianza na programu ya malengo ya kampuni, haikukaa vizuri kwa wateja, wakahamia kwenye tathmini za wafanyakazi. Aliyenunua alibaki kuwa yuleyule mtu wa rasilimali watu, kwahiyo waliyojifunza kumhusu hayakupotea. Ndo maana mtu nimemweka juu, ukimjua vizuri unaweza kukosea prodakti ukabaki na mtaji. Kama ni mtu ndo amekataa, yaani shida ipo lakini hana hela kabisa, basi nenda kwa mtu mwingine mwenye shida hiyohiyo, labda anayeumia na yale madeni ni muuzaji wa jumla wa Kariakoo aliyetoa mali kauli kwa maduka arobaini.

Mpaka wa muda uuweke kabla hujaanza, uandike, umpe mtu mwingine akushikie. Ukishaanza kuipenda hiyo kitu hutakuwa na uwezo wa kuhukumu.

Na ukiwa tayari kuniandikia, au kumwandikia mwekezaji yeyote wa mwanzo kabisa, sihitaji slaidi ishirini. Todd Jackson ngazi ya kwanza kabisa anaiweka kwenye wateja watatu mpaka watano walioridhika kweli, kwa wanaouzia makampuni, sio elfu. Nitumie ile jedwali ya Excel na mistari yake hata kama ni mibaya, bei unayotoza na nani ameilipa zaidi ya mara moja, mteja mmoja aliyeondoka na sababu aliyokupa, na namba za simu za wateja watatu ambao naweza kuwapigia bila wewe kuwepo kwenye laini. Waombe ruhusa kwanza.